Kifaransa cha Nini? Somo la Bagamoyo kwa Shule za Mjini

Mtu akishuka kwenye pantoni pale Feri akitokea Kigamboni, akaliacha soko la samaki nyuma yake na kuifuata barabara ya ufukweni kuelekea bandarini, baada ya mwendo mfupi wa miguu atalikuta kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Wamisionari wa Kijerumani walilijenga kati ya mwaka 1897 na 1902. Pembeni mwake ipo shule. Wazee wa mji huu waliijua kuwa ni shule ya watawa. Serikali ilipozitaifisha shule za mashirika ikaitwa Forodhani. Baadaye ikarudishwa kwa Kanisa na jina la Mtakatifu Yosefu likarudi nayo. Naitaja kwa sababu maisha yake ni maisha ya shule nyingi za dini katika nchi yetu: zilianzishwa na wageni, zikachukuliwa na umma, kisha zikarejea mikononi mwa wenye dini.

Shule za namna hiyo, za Kikristo na za Kiislamu, zimeongezeka sana tangu Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 ilipofungua milango kwa watu binafsi na mashirika ya dini. Na katika baadhi yake, mzazi anayesoma orodha ya masomo hukuta katikati ya Hisabati na Sayansi neno moja linalomfanya asite: Kifaransa. Mtoto ana miaka 11 au 12. Zamani za Mwingereza angekuwa anaingia shule ya kati, yaani darasa la tano hadi la nane. Mzazi anajiuliza, na ana haki ya kujiuliza: Kifaransa cha nini? Kiingereza chenyewe hakijamkaa mtoto, na nyumbani hakuna hata mtu mmoja wa kumsahihisha. Je, hii ni elimu, au ni pambo la kwenye bango la shule?

Swali hilo si geni katika pwani yetu. Shule ya dini, Kifaransa na mtoto wa umri huo vimekutana hapa kwa zaidi ya miaka 160. Leo nataka tuifungue historia hiyo, maana ndani yake limo jibu, na jibu lenyewe huenda likawashangaza wazazi na walimu pia.

Tuanzie Kilwa. Mwaka 1776 Mfaransa mmoja jina lake Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka kwa muda wa miaka 100. Watumwa hao walitakiwa katika visiwa vilivyotawaliwa na Wafaransa, ambavyo leo tunaviita Mauritius na Réunion. Kwa hiyo miongoni mwa kazi za mwanzo za Kifaransa katika pwani yetu ilikuwa kuandikia bei ya watu. Hata baada ya utumwa kupigwa marufuku katika makoloni ya Ufaransa mwaka 1848, watu waliendelea kuchukuliwa kwa jina la vibarua huru, mpaka mfalme Napoleon wa Tatu alipousimamisha mtindo huo katika pwani hii mwaka 1859.

Mwaka mmoja baadaye, mwezi wa Desemba 1860, kutoka kisiwa kile kile cha Réunion ikafika Unguja jahazi ya namna nyingine. Padri Armand Fava aliteremka na mapadri wenzake na watawa wa kike. Sultani Majid bin Said akawapokea, kwa kuwa Ufaransa na utawala wa Unguja walikwishafunga mkataba wa urafiki na biashara tangu mwaka 1844. Wageni hao wakafungua hospitali, karakana na shule. Na wanafunzi wao walikuwa nani? Watoto waliokombolewa sokoni kwa fedha. Lugha ile ile iliyokuja kununua mtu ili awe mtumwa, sasa ilikuja kumnunua mtoto ili awe mwanafunzi. Ndugu msikilizaji, historia ina mambo yake.

Mwaka 1863 kazi hiyo ilikabidhiwa kwa Mapadri wa Roho Mtakatifu, wakiongozwa na Padri Antoine Horner. Mwaka 1868 wakavuka bahari na kufungua misheni Bagamoyo, ambako minazi ya misheni na majengo yake yapo hadi leo. Pale walikusanywa watoto kwa mamia. Wengine walinunuliwa, wengine waliletwa na manowari za Kiingereza zilizokamata majahazi ya watumwa. Mtoto wa Kiyao alikutana na wa Kizaramo na wa Kinyamwezi, na hakuna aliyejua lugha ya mwenzake. Siku iligawanywa kwa kengele: sala, darasa, shamba, karakana, sala tena. Tusiipambe hali hiyo. Watoto walikuwa wameokolewa, lakini hawakuulizwa kama wanataka kubaki, na imeandikwa kwamba baadhi yao walitoroka.

Msichana mmoja wa Kiyao, Suema, alisimulia jinsi alivyotekwa, akampoteza mama yake njiani, na kufika Unguja akiwa mahututi hata akazikwa akidhaniwa amekufa. Habari zake zilichapishwa Paris mwaka 1870, kwa Kifaransa, na zikawatoa machozi wasomaji wa huko. Tazama jinsi mambo yalivyokuwa: uchungu wa mtoto wa Kiyao ulilazimika kuvaa Kifaransa ndipo dunia iusikie.

Sasa tuingie darasani. Mwanzoni mwa mwaka 1871 Henry Stanley, yule mwandishi wa gazeti aliyekuwa anakwenda kumtafuta Livingstone, alipita Bagamoyo akaalikwa misheni. Katika kitabu chake cha mwaka 1872 anaeleza kwamba alikaribishwa shampeni, akapigiwa bendi ya matarumbeta na wavulana wa shule, kisha akawasikia wavulana hao wakiimba nyimbo za Paris kuhusu ushujaa na utukufu wa Ufaransa. Kwa kiburi cha watu wa namna yake wa wakati ule, Stanley aliona ni kioja. Alistaajabu kwamba watoto weusi wanaweza kuimba kama watoto wa mitaani Paris.

Lakini kioja halisi kilikuwa kwingine. Katika siku hizo hizo ambazo watoto wa Bagamoyo waliimba utukufu wa Ufaransa, Ufaransa ilikuwa imekwisha kupigwa. Paris ilisalimu amri mbele ya majeshi ya Wajerumani mwishoni mwa Januari 1871. Miezi michache baadaye jimbo la Alsace likachukuliwa na Ujerumani. Na Padri Horner mwenyewe, pamoja na mwenzake Padri Étienne Baur, walikuwa wenyeji wa Alsace. Maana yake mwalimu anafundisha nyimbo za nchi ambayo kijiji chake hakimo tena ndani yake, na mwanafunzi anaimba habari za vita asivyovijua, kwa lugha ambayo nje ya ukuta wa misheni hakuna wa kumjibu.

Hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu ya leo. Nje ya ukuta ule palikuwa na Bagamoyo: wapagazi wa Kinyamwezi, wafanyabiashara wa Kihindi, Waarabu, mabaharia na wenye mashamba. Soko lote lile lilizungumza Kiswahili. Mtoto aliyefundishwa Kifaransa asubuhi alikwenda jioni kununua samaki kwa Kiswahili, aligombana kwa Kiswahili, na alipokua aliposa kwa Kiswahili. Wachache waliochaguliwa kwa ajili ya seminari walisomeshwa Kifaransa na Kilatini kwa sababu walikuwa na kazi navyo: vitabu vyao na walimu wao vilikuwa vya lugha hizo. Kwa waliobaki, Kifaransa kilikuwa cha kuimbia wageni.

Basi ni nani aliyejifunza lugha katika shule ile? Walimu! Mwaka 1879 alifika padri kijana, Charles Sacleux, mwenye umri wa miaka 23. Huyu aliwasikiliza watu wa pwani kwa makini ambayo hayajapata kifani. Mwaka 1891 alitoa kamusi ya Kifaransa na Kiswahili iliyochapwa na misheni ya Unguja. Mwaka 1909 akatoa sarufi ya Kiswahili. Na mwaka 1939, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 80, ikaanza kutoka Paris kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa, ambayo hadi leo mtaalamu wa lahaja zetu hawezi kuikwepa. Humo yamo maneno ya Kimvita, ya Kiamu, ya Kingazija, majina ya miti, ya samaki na ya sehemu za jahazi ambayo wajukuu wa wenye lugha wamekwisha kuyasahau.

Hili ndilo tunda kubwa la kitaaluma la Kifaransa cha Bagamoyo. Shule iliyokusudia kuwapa watoto wetu Kifaransa iliishia kuwapa Wafaransa Kiswahili. Nayo haikutokea kwa bahati. Padri alikihitaji Kiswahili ili ahubiri, ale, ajenge na aombewe akiugua. Mtoto hakukihitaji Kifaransa kwa lolote la maisha yake. Lugha humfuata mwenye shida nayo.

Wajerumani walipoitwaa pwani, Kifaransa kilipoteza hata ile heshima ya kuimbia wageni. Makao makuu yakahamishwa kutoka Bagamoyo kuja Dar es Salaam mwaka 1891, na shule za serikali zikafundisha Kiswahili na Kijerumani. Kila mgeni akatuachia maneno ya kazi yake. Mreno alituachia meza, bendera na gereza. Mjerumani alituachia neno shule lenyewe. Na Mfaransa? Wataalamu hutaja neno moja mashuhuri: divai. Zaidi ya nusu karne ya mapadri wa Kifaransa, na kilichobaki kinywani mwa watu wengi ni neno la kwenye altare. Kwa nini hilo? Kwa sababu divai ilitumika kila siku. Nyimbo za ushujaa hazikuwa na matumizi, zikapotea.

Ndugu msikilizaji, tuje sasa mjini kwetu, maana Kifaransa kilirudi Dar es Salaam kwa mlango mwingine kabisa, mlango wa bandari. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Katika vita vya kwanza vya dunia Wabelgiji waliingia nchini kutoka Kongo na kuiteka Tabora mwaka 1916. Vita vilipokwisha walibaki na Rwanda na Burundi, wakataka njia ya kufikia bahari. Kwa mkataba wa mwaka 1921 Mwingereza aliwapangisha milele maeneo katika bandari za Dar es Salaam na Kigoma, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Nasema tena, faranga moja! Watu wa bandarini walipaita mahali hapo Belbase. Shaba na bidhaa nyingine za Kongo, Rwanda na Burundi zilipita katika bandari yetu zikiwa chini ya utawala ambao lugha yake ya ofisini ilikuwa Kifaransa.

Mwisho wa jambo hilo unajulikana. Tarehe 30 Novemba 1961, siku chache kabla ya Uhuru, Mwalimu Nyerere alilieleza Bunge kwamba Tanganyika huru haiwezi kufungwa na mkataba wa kupangisha ardhi yake milele, mkataba uliofanywa na watu ambao enzi yao hapa ilikuwa ya muda. Msimamo wake juu ya mikataba ya wakoloni ulikuja kuwa somo la sheria katika vyuo vikuu vya dunia nzima. Lakini angalieni: enzi ya Mbelgiji ilikwisha, mizigo haikukoma. Jiografia haikutia saini mkataba wa 1921, wala haikuufuta mwaka 1961. Kongo, Rwanda na Burundi ziliendelea kuitazama bahari kupitia kwetu.

Na watu walikuja pamoja na mizigo. Katika miaka ya 1960 Wangazija waliokuwa wakiishi hapa walianzisha Dar es Salaam chama cha kupigania uhuru wa visiwa vyao, MOLINACO. Kati yao wenyewe walizungumza Kingazija na Kiswahili, lakini aliyewatawala ni Mfaransa, na madai hayana budi kuandikwa kwa lugha ambayo mtawala hawezi kujifanya haielewi. Uhuru wa Komoro ulitangazwa mwaka 1975. Wakimbizi na wanamapinduzi wa Kongo nao walikaa hapa miaka mingi. Joseph Kabila alisoma Tanzania. Aliposhika urais wa nchi yake Januari 2001 iliandikwa sana kwamba Kiingereza na Kiswahili vilimtii zaidi kuliko Kifaransa, na ilimbidi akizoee akiwa tayari kwenye kiti. Si kila mtoto wa Dar es Salaam atakuwa rais wa nchi nyingine, lakini kisa hicho kinaonyesha jinsi mpaka wa lugha ulivyo karibu nasi kuliko tunavyodhani.

Karibu zaidi tulikuwa na Arusha. Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya Rwanda ilifanya kazi zake pale kuanzia mwaka 1995 hadi 2015, kwa Kiingereza na Kifaransa. Mazungumzo ya amani ya Burundi, aliyoyaongoza Mwalimu hadi kifo chake mwaka 1999, yalizaa mapatano ya Arusha ya Agosti 2000. Pale zilihitajika kalamu za wakalimani, makarani na wafasiri. Jiulizeni: ni vijana wetu wangapi walikuwa tayari kuzishika kalamu hizo zilizowekwa mezani katika nchi yao wenyewe?

Mtu ataniambia: mbona wenyewe wanakiacha? Rwanda iliamua mwaka 2008 kufundisha kwa Kiingereza badala ya Kifaransa, na mwaka 2009 ikaingia Jumuiya ya Madola. Ni kweli. Lakini mwaka 2018 Mnyarwanda huyo huyo, Bibi Louise Mushikiwabo, alichaguliwa kuongoza shirika la nchi zinazozungumza Kifaransa. Mwenye akili haichomi nyumba ya zamani kwa kuwa amejenga mpya. Na kwa upande wa jumuiya yetu, wakuu wa nchi za Afrika Mashariki waliridhia Februari 2021 Kifaransa kiwe miongoni mwa lugha rasmi, pamoja na Kiingereza na Kiswahili. Mwaka 2022 Kongo ikaingia katika Jumuiya na mamilioni ya watu wake.

Wala hatuna haja ya kwenda Arusha wala Kinshasa. Kutoka kanisa la Mtakatifu Yosefu hadi Kariakoo si mbali. Pale Kariakoo, kila siku ya Mungu, wapo wafanyabiashara wa Lubumbashi, Bukavu, Bujumbura na Moroni wakinunua vitenge, viatu, vyombo na vipuri. Bei inapatanwa kwa Kiswahili, na hilo ni jambo la kujivunia; Kiswahili ndicho kilichowaleta dukani. Lakini mzigo ukishafungwa huanza safari ya karatasi. Hati za forodha za Kongo ni Kifaransa. Barua ya benki ni Kifaransa. Mkataba wa bima na hukumu ya mahakama, mzigo ukipotea, ni Kifaransa. Mfanyabiashara wetu anayejua kupatana bei tu huishia mlangoni; anayeweza kuisoma karatasi huingia ndani.

Hii ndiyo tofauti kubwa kati ya mtoto wa Bagamoyo wa mwaka 1871 na mtoto wa Dar es Salaam wa leo. Yule alikuwa na darasa la Kifaransa lakini hakuwa na mtaa wa kukizungumza. Huyu mtaa anao, tena upo mwendo wa daladala moja. Kinachosikitisha ni kwamba shule nyingi bado zinafundisha kana kwamba mtaa huo haupo. Mtoto anakariri mnyumbuliko wa vitenzi, anaimba wimbo wa salamu siku ya wazazi, mgeni rasmi anapiga makofi, na mwaka unakwisha. Jamani, huko si kurudi kwa wavulana wa bendi mbele ya Stanley? Tofauti ni kwamba safari hii mzazi ndiye anayelipa.

Wenye shule za dini wana jambo la kujifunza kutoka katika dini zao wenyewe. Mtoto wa madrasa hufundishwa Kiarabu cha Kurani akiwa mdogo kuliko hawa. Wazazi wake wengi si Waarabu. Lakini herufi zile hazipotei, kwa nini? Kwa sababu akitoka chuoni anazikuta katika sala, mara 5 kwa siku, mpaka anazeeka. Kilatini kiliishi karne nyingi katika Kanisa kwa sababu hiyo hiyo. Dini zinajua siri ya lugha: ipe kazi, itadumu. Iweje basi siri hiyo isahauliwe inapofika zamu ya Kifaransa?

Tangu Januari 2024 mtaala mpya wa elimu ya msingi umekiweka Kifaransa, pamoja na Kiarabu na Kichina, miongoni mwa lugha za kuchagua. Kwa hiyo shule nyingi zaidi zitalitundika neno hilo kwenye mabango yao. Kabla hazijafanya hivyo, ningependa mambo matatu yatazamwe.

La kwanza ni mwalimu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha Kifaransa, na wapo mjini humu watu kutoka Kongo na Burundi waliosoma kwa lugha hiyo tangu darasa la kwanza. Mwenye sifa za ualimu na vibali halali atafutwe. Kumpa somo hilo mwalimu wa somo jingine kwa kuwa aliwahi kulisoma muhula mmoja ni kumdhulumu mtoto na kumdhulumu mwalimu.

La pili ni kazi. Mtoto wa miaka 12 asikae na kitabu tu. Apewe ankara ya mzigo wa Kariakoo aisome. Aandike barua kwa mwanafunzi wa Bujumbura. Amsikilize mgeni wa Moroni akieleza jinsi alivyosafiri. Afasiri tangazo la bandarini. Mambo hayo hayahitaji fedha za wafadhili. Yanahitaji mwalimu anayetoka nje ya lango la shule.

La tatu, na ndilo kubwa, ni Kiswahili. Padri Sacleux hakukitupa Kifaransa chake ili ajue Kiswahili. Alikaa katikati ya lugha mbili, na kwa kuwa alikaa pale ndiyo maana tunamkumbuka. Mtoto wetu naye hataweza kuwa mkalimani wa Kongo na Tanzania kama Kiswahili chake ni cha kubahatisha. Mfasiri mwenye mguu mmoja haendi popote. Shule inayomwadhibu mtoto kwa kuzungumza Kiswahili uwanjani, kisha ikajivunia kumfundisha Kifaransa, inajenga ghorofa juu ya msingi inaoubomoa yenyewe.

Basi, mzazi uliyeuliza Kifaransa cha nini, swali lako ni zuri, ila liulize mahali panapostahili. Nenda kalipeleke kwa mwalimu mkuu. Muulize: mwanangu akimaliza miaka yake hapa, ataweza kusoma nini, kumwandikia nani, kuzungumza na nani? Akikujibu kwa kukuonyesha nyimbo, fikiri mara mbili. Akikuonyesha barua ambazo watoto wameandika na majibu waliyoyapata, lipa ada na umwombee heri. Watoto wa Bagamoyo hawakupewa nafasi ya kuuliza swali hilo, wala hawakuwa na wazazi wa kuwaulizia. Wa kwetu wanao.